Upande wa Ndani wa Pete

Kama umewahi kusukuma geti katika ule mji, liwe la zahanati, la ghala au la nyumba ya mtu, basi kiganja chako kimeshapita juu ya kazi ya Cheche. Jina la kwenye kitambulisho analo, ila hata watoto wake wa kuzaa wakileta wageni husema hivyo hivyo: "Huyu ndiye mama yetu, Cheche." Miaka ishirini na sita mwanamke huyo anachomelea vyuma. Kwenye mlango wa karakana yake ameandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kubwa: KAZI YA CHECHE HAIACHII.

Na kweli ilikuwa haiachii, tusimnyime mtu haki yake. Lori la mchanga liliwahi kurudi kinyumenyume likagonga geti lake la kwanza kabisa. Nguzo zikaanguka, ukuta ukapasuka, geti lenyewe likalala chini zima, halijaachia hata ungio moja. Cheche alifunga karakana, akaenda kulitazama kwa miguu, akarudi nyumbani anaimba njia nzima.

Alikuwa na desturi yake. Akimaliza kuchomelea, anapiga msasa upande wa nje, halafu anavua glovu na kupitisha kiganja kitupu kwenye kila ungio. Kikikwaruzwa, anarudia. Wanafunzi wake aliwaambia kila siku, "Geti linashikwa kwa nje. Hapo ndipo mteja anapokujulia." Upande wa ndani aliupiga rangi tu, kwani nani anaupapasa upande wa ndani wa geti?

Sasa, Jumapili Cheche hakuwa fundi, alikuwa mvuvi. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa amemfundisha kuvua kwenye bwawa la nje ya mji, na alipofariki alimwachia fimbo yake ya kuvulia: nyembamba, ya kahawia, mpini umeng'aa kwa jasho lake. Cheche aliipenda fimbo ile. Hakumruhusu mtu kuishika, mpaka siku shemeji yake, mdogo wake marehemu, alipoibana na mlango wa gari na kuvunja pete ya nchani, ile pete ndogo ambayo mshipi hupitia kabla ya kushuka majini.

"Shemeji, niue tu," alisema yule bwana.

"Nikuue halafu nani atanibebea wavu?" Cheche alimjibu. Jioni ile ile akakata waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, akaukunja, akaunganisha ncha zake kwa moto mdogo, akapiga msasa, akaifunga pete kwa uzi na kuipaka vanishi. Alipitisha kidole juu yake. Laini tupu. Alifurahi kama siku aliyomaliza geti la zahanati.

Bwawa lile lilipojazwa, miti iliachwa humo humo, ikafia majini. Chini ya mti mmoja mkubwa, katikati ya magugu, aliishi samaki mwenye mdomo mpana, wa aina ile ambayo wavuvi wa pale wanamwita besi. Huyu walimbatiza Mwenye Nyumba, kwa sababu kila anayebisha hodi pale alifukuzwa. Mwaka ule Cheche alimnasa mara tatu. Mara zote tatu fimbo ilijikunja, samaki akakimbilia kwenye matawi, mshipi ukakatika paa! Cheche akabaki na fimbo mkononi na mdomo wazi.

Mara ya kwanza watu walimpa pole. Mara ya pili walicheka. Mara ya tatu alikuwepo Mwenyekiti wa chama cha wavuvi. Mtu huyo alistaafu ukaguzi wa mizani sokoni, na hajawahi kuamini jambo ambalo hakulipima mwenyewe. Chama kilikuwa kinatafuta fundi wa geti jipya la kuingilia bwawani, geti kubwa la milango miwili, na Cheche alilitaka geti lile kuliko kazi yoyote aliyowahi kuitaka. Mumewe alipita njia ile kila Jumapili ya maisha yake. Mwenyekiti akakohoa, akasema mbele ya watu wote, "Mama, kama mshipi tu unakuachia, geti letu litakuwaje?"

Loh! Wanaume walicheka mpaka wengine wakaegemeana. Cheche alicheka nao, lakini maini yalimkatika. Usiku hakulala vizuri, na Jumamosi iliyofuata alimwambia shemeji yake, "Washa gari. Nakwenda kununua fimbo nzito. Nzito kweli kweli."

Duka la zana za uvuvi lilikuwa kwenye chumba kirefu chenye harufu ya mpira na mafuta ya mashine. Fimbo zilisimama ukutani kwa mistari. Mwenye duka, mzee wa miwani mizito, aliinua kichwa na kumtazama shemeji.

"Karibu, kijana. Unataka ya aina gani?"

"Mimi ni dereva tu," shemeji akasema, akarudi hatua nyuma. "Bosi ni huyu."

Mzee akamgeukia Cheche. "Samahani, mama. Ni zawadi ya baba watoto?"

"Baba watoto alishatangulia. Ni yangu mimi, ya besi mkubwa kwenye miti iliyozama. Na usinionyeshe za kupambia ukuta."

Mzee alitabasamu. Alitoka nyuma ya kaunta na fimbo tatu na ndoo ya maji iliyojaa nusu. Kumbe ndivyo alivyokuwa anauza: alifunga mshipi mnene kwenye mkono wa ndoo, akamwambia mteja ainyanyue kutoka sakafuni kwa fimbo, bila kuikamata ndoo.

Fimbo ya kwanza ilikuwa nene kuliko zote. Ndoo ilipaa mara moja. Shemeji akapiga makofi, "Hiyo hiyo!" Lakini Cheche alikunja uso. "Hii ni nondo," alisema. "Samaki akigusa chambo sitajua, na jioni mkono wangu hautashika hata kijiko." Ya pili ilipinda mpaka karibu na mpini, ndoo ikagoma chini. "Hii imeshakubali kabla haijaombwa," akasema, akairudisha. Ya tatu aliishika, akaipima kwenye kidole kuona inalalia wapi, akasukuma ncha yake kwa dole gumba kama anavyojaribu chuma. Nchani ililegea kiasi cha shubiri moja hivi. Kutoka hapo kushuka chini, haikutaka mzaha. Alinyanyua. Ncha ikainama, kiuno kikakataa, ndoo ikatoka sakafuni taratibu na maji hayakumwagika.

"Hee!" mzee akasema. "Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Mchomeleaji."

"Basi ndiyo maana. Wanaume wanaokuja hapa wengi huchagua ile nene, wakirudi nyumbani wanaumwa mabega."

Cheche alijisikia vizuri, tusifiche. Shingo ilirefuka. Akamtuma shemeji garini akalete fimbo ya zamani, azilinganishe urefu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Mzee aliipokea fimbo ya marehemu kwa mikono miwili, akaitazama kwa heshima. "Nzuri hii. Huo mshipi ulikuwa unakatikia wapi? Kwenye ndoana? Kwenye fundo?"

"Huku juu. Mara zote tatu. Nchani kwa fimbo."

Mzee alivuta droo, akanyofoa pamba kidogo, akaisokota na kuipitisha ndani ya kila pete, moja baada ya moja. Pamba ilipita safi. Ilipofika pete ya nchani ilinasa, ikaacha nyuzi nyeupe. Alirudia. Ikanasa tena, pale pale.

"Pete hii nani alitengeneza?"

Shemeji alitazama dari. Cheche aliichukua fimbo, akasogea dirishani, akaingiza ncha ya kijiti cha kiberiti ndani ya pete. Kwa nje ilikuwa laini kama yai. Kwa ndani, kwenye ungio, palikuwa na chembe ya chuma, ndogo kuliko punje ya sukari, kali kama wembe. Samaki mdogo havuti kiasi cha kuubana mshipi pale. Mwenye Nyumba alivuta, mshipi ukajisaga wenyewe.

Miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwonyesha ungio lake likiwa na kosa, na leo kosa limeonyeshwa na pamba! Masikio yalimwaka moto. Alimwona akilini marehemu mumewe amekaa kimya mahali fulani, anasingiziwa fimbo mbovu kwa mwaka mzima, na anayemsingizia ni Cheche mwenyewe.

Mzee alikuwa mwaminifu. "Mama, ukiisafisha hiyo pete, hii fimbo ni nzima. Ila niseme kweli, kwa samaki wa ndani ya miti bado ni nyepesi. Yule anatakiwa ageuzwe papo hapo, kabla hajafika kwenye matawi. Kwake unahitaji hiyo uliyoichagua."

"Basi nifungie hiyo mpya, nitakuwa na zote mbili," Cheche akasema. "Na hiyo pamba naomba kidogo."

Njiani shemeji aliendesha kimya mpaka akashindwa. "Shemeji, mimi sijaona kitu. Kesho ukimvua, sema fimbo ya zamani ilikuwa nyepesi. Si uongo! Hata mzee kasema. Na lile geti bado hawajaamua, unajua."

"Tazama mbele, utagonga watu," Cheche akamjibu. Lakini maneno yalimwingia. Alipofika karakana alichukua tupa ya mviringo, nyembamba kama sindano ya kushonea magunia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuisugua pete kwa ndani mpaka giza lilipokaribia.

Kesho yake alfajiri bwawani palikuwa na watu wengi, maana shemeji alikuwa ametangaza fimbo mpya kwa kila mwenye masikio. Cheche alirusha chambo kando ya ule mti mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mara ya sita alisikia kwenye ncha kugusa kudogo, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Hakuharakisha. Alihesabu moja, mbili, kisha akavuta kwa nguvu za mabega yote mawili.

"Mwenye Nyumba!" mtu akapiga kelele.

Samaki akakimbilia kwenye matawi kama kawaida yake. Fimbo ikainama shubiri moja, ikakataa. Cheche alichimbia visigino kwenye tope, akamgeuza. Mambo hayakuchukua hata dakika tatu. Samaki alitoka kwenye magugu akiwa amefumbua ule mdomo wake mkubwa, shemeji akaingia majini na viatu, akamtia wavuni. Kelele zilizopigwa pale, wee! Mwenyekiti alitoa mizani yake mfukoni, akapima, akapima tena. Kilo tatu na robo. Hapakuwahi kutoka besi mkubwa hivyo bwawani pale.

"Cheche! Cheche!" Wale wale waliocheka sasa walimpiga mabega. Mmoja akasema, "Kumbe ilikuwa fimbo! Ile ya marehemu ilikuwa bua tu, mama, ulikuwa unajitesa bure."

Wakacheka wote, kwa wema kabisa. Shemeji akamkonyeza. Kumwitikia tu kungetosha, na geti lilikuwa pale, umbali wa neno moja.

Cheche alimrudisha samaki majini kwanza, akanawa mikono. Kisha akaenda garini, akarudi na fimbo ya kahawia.

"Nisikilizeni," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya karakana, inayoshinda mashine. "Marehemu mume wangu hakuvua na bua. Fimbo hii haikumwachia hata siku moja. Pete ya nchani niliichomelea mimi, kwa mikono hii. Nilipiga msasa nje, ndani nikaacha chembe, chembe ikakata mshipi mara tatu. Nyepesi ni nyepesi, lakini kosa si la fimbo. Kosa ni la Cheche."

Shemeji alifumba macho. Mtu mmoja nyuma, ambaye geti la nyumbani kwake lilitoka karakana ile, akauliza taratibu, "Sasa, na mageti yetu?"

"Nitapita kwako kesho na kwa kila mtu, nipapase kwa ndani," Cheche akasema. Akatoa pamba mfukoni, akampa Mwenyekiti pamoja na fimbo. "Wewe hupendi maneno. Pima."

Mwenyekiti alivaa miwani. Aliisokota pamba, akaipitisha kwenye pete ya nchani polepole, mbele na nyuma, akaizungusha pande zote. Akaitoa, akaiangalia kwenye mwanga. Haikuwa imeacha hata uzi mmoja. Alimpa jirani yake naye aone, ikapita mkono kwa mkono mpaka ikarudi.

Cheche alisimama wima, tope mpaka magotini. Hakujuta, na hakujisikia mdogo hata kidogo.

Mwenyekiti alimrudishia fimbo ya mumewe kwa mikono miwili.

"Lile geti letu," akasema. "Utahitaji wiki ngapi?"

"Tatu," Cheche akajibu. "Mbili za kuchomelea, na moja ya kupiga msasa kwa ndani."