Nyumba Yenye Maua, Buzebazeba

Mwanaima alifika Kigoma mwaka 1996, vita vya Kongo vilipopamba moto, kwa boti iliyosheheni watu kutoka mji wa Baraka, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikuja na binti yake mdogo, Feza, na mbegu za maua ya zinia alizozifunga kwenye pindo la kitenge. Mumewe, Kasongo, alibaki ng'ambo kumtafuta mama yake aliyekimbilia milimani.

"Nitawapata wapi?" Kasongo aliuliza walipoagana.

"Ulizia nyumba yenye maua," Mwanaima alimjibu. Hata Baraka nyumba yao ilijulikana hivyo.

Bi Hasna, mjane wa mtaa wa Buzebazeba, alimpa chumba cha uani. Mvua zilipoanza, Mwanaima alichekecha udongo, akauchanganya na samadi, akasia mbegu zake kwenye makopo aliyoyatoboa chini. Miche ilipokomaa aliihamishia mbele ya nyumba, jioni, jua likiwa limepoa.

"Mama Feza, maua hayaliwi," Bi Hasna alimwambia. "Ungepanda mchicha mkapata mboga."

"Mboga nitapanda nyuma, dada. Hapa mbele ni kwa ajili ya baba Feza."

Bi Hasna hakurudia tena.

Zinia zilichanua, nyekundu, za manjano, za zambarau, hata wapita njia wakawa wanasimama kutazama. Mchana mmoja akasimama Bonifasi, fundi baiskeli, jirani yao wa Baraka. Mwanaima alimkimbilia, macho yake yakitafuta nyuma ya mgeni.

"Uko peke yako?"

"Shemeji, tuingie ndani."

"Niambie hapa hapa."

Bonifasi akavua kofia. Alisema Kasongo alimpata mama yake, wakapanda mtumbwi mmoja na yeye Bonifasi. Dhoruba iliupindua katikati ya ziwa. Bonifasi peke yake aliokoka, kwa dumu tupu aliloling'ang'ania.

"Njia nzima alikuwa akituambia, tukifika tutafute maua."

Mwanaima hakulia. Alimkaribisha mgeni, akamsongea ugali wa muhogo, akamnawisha mikono. Mgeni alipoondoka ndipo Bi Hasna aliposikia kilio chumbani.

Akakaa eda. Huku nje kiangazi kikayakausha maua, mbegu zikapukutika zenyewe.

Mvua ziliporudi alitoka na jembe ili apande mchicha pale mbele. Miche ya zinia ilikuwa imejiotea kila mahali. Akawa anaing'oa kama magugu.

"Usiitupe," Bi Hasna akamsihi. "Nipe mimi."

"Chukua, dada. Ila uipande nyuma, nisiione."

Feza alikuwa amechuchumaa kando. "Mama, sasa baba ataijuaje nyumba?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mwanaima aliweka jembe chini, akamvuta mtoto kwake.

"Baba haji, mwanangu," alisema, na kwa mara ya kwanza akalia mbele ya Bi Hasna.

Mchicha ule ulimlisha na kumsomesha Feza. Miaka baadaye, watu wa Baraka walipoanza kurudi kwao, walimpitia wakamsihi wafuatane. Alikataa, ila aliwasindikiza mpaka ufukweni, akawashikisha mafungu ya mboga ya njiani. Boti ilipong'oa nanga alikwisha kuipa mgongo.