Zamu Yetu Ilipopita

Mwezi wa tano timu yetu ya mpira wa kikapu ilimtoa kijana wake bora kabisa kwa timu nyingine, ikachukua wachezaji waliokwisha kula chumvi nyingi. Habari niliisikia redioni, nimekwama kwenye foleni ya magari barabara ya 270, narudi Gaithersburg, Marekani, kutoka kazini. Nilifika nyumbani nimekunja uso hadi mke wangu akadhani kuna msiba.

"Muulize kaka yako," nilimwambia.

Kaka yake, shemeji yangu, ndiye aliyeniambukiza mpira wa kikapu. Alinitangulia Marekani, akawa analinda maegesho ya magari ya ofisi moja Arlington. Tulipoanza kuishi naye alinifundisha kila kitu: kwa nini refa amepuliza, nani anakaba, nani mvivu tu. Alinieleza pia kwamba kila mwisho wa Juni timu huchagua vijana kutoka vyuoni, na zile dhaifu hutangulia ili nazo ziinuke.

"Hiyo ndiyo siku yetu sisi wanyonge," alisema.

Juni ile tulikaa mbele ya televisheni jua likiwa bado halijazama, sahani ya mihogo ya kukaanga katikati yetu. Vijana warefu waliitwa mmoja mmoja, suti mpya, wanakumbatia mama zao. Sisi zamu yetu ya kwanza ya kuchagua ilishapewa timu nyingine zamani. Nilijua. Lakini ilipopita hivi hivi, nilipandwa na hasira.

"Watu gani hawa, shemeji? Wanatoa watoto, wanaleta wazee!"

Siku nyingine angepiga kelele kunishinda. Safari hii alifuta mikono, akapunguza sauti ya televisheni.

"Shemeji, mwezi ujao narudi Mwanza."

Nilidhani anatania. Ombi lake la kukaa Marekani lilikuwa halijajibiwa kwa miaka, mama yao kule Mwanza anaumwa, na shemeji akishatoka hataruhusiwa kuingia tena.

"Nimesubiri vya kutosha," alisema.

Niligeuka kumtazama mke wangu. Alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Yeye alikwisha jua.

Mwaka uliofuata tulipata zamu. Timu ikachagua kijana mwembamba mwenye shabaha kali, nami sikuwa na mtu wa kushangilia naye. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilinunua kadi ya simu nikampigia shemeji Mwanza. Kwao ilikuwa mchana. Nilimsimulia yote kuhusu kijana yule: mikono, mbio, jinsi anavyojificha nyuma ya wanaomkaba.

"Mtamuuza," alisema.

Zamani angesema tutamuuza. Nilitaka kubisha.

"Nipe dada," akasema.

Nikampa mke wangu simu, akauliza hali ya mama yao. Kisha wakazungumza Kisukuma, lugha ambayo mimi mtu wa Tanga sikuwahi kujifunza, na mke wangu akaanza kulia.