Muvi Niliyomtunzia Kaka

Kwetu Masama mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki kihambani, kwenye shamba la ukoo, na wazazi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Kaka yangu akaenda Dar, mimi nikabaki na migomba, ng'ombe na mama.

Utotoni tulipenda kitu kimoja kwa pamoja: zile muvi za meli ya angani iliyobeba watu waliokimbia dunia iliyokufa. Ya kwanza tuliiona kwenye banda la video, yeye akinitafsiria sikioni, maana Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Ya pili tuliiangalia kwenye simu yake, na iliishia pabaya: meli imetua, mlango unafunguka, basi. Nje kuna nini, hawakutuonyesha. Tulibishana miaka. Yeye alisema nje wanangojwa na maadui, mimi nikasema kuna msitu. Siku anaondoka kwenda kuanza kazi, tukiwa stendi ya Moshi, akaniambia, "Dogo, ya tatu ikitoka, mtu asiiangalie bila mwenzake."

Mimi mjinga nikalishika hilo neno.

Ya tatu ilitoka wakati wa masika. Nilishuka mpaka Soweto, pale Moshi mjini, kwa kijana anayeingiza muvi kwenye flashi, nikarudi nayo nyumbani, nikaificha kabatini chini ya vitenge vya mama. Wenzangu wakianza kuisimulia, naondoka. Wakanicheka, wakaniita mlokole wa muvi. Nikikata majani ya ng'ombe nilikuwa nauwaza ule mlango tu.

Desemba kaka akapanda na mkewe na watoto, kuja kula Krismasi na kuhesabiwa nyumbani kama Wachagga wote. Siku za mwanzo zilikuwa za mbuzi mzima wa ndafu, pombe ya mbege na wageni, nikavumilia. Halafu asubuhi moja nikamkuta barazani peke yake, nikamwonyesha flashi.

"Kaka, ya tatu hii. Tuiangalie leo."

"Ya tatu ipi?" Nikamkumbusha. "Aa, ile! Niliiona Dar ilipotoka tu, tulikwenda na watu wa ofisini. Nikasinzia katikati, hata mwisho wake siujui. Kwani wewe hujaiona?"

"Nilikuwa nakungoja."

Akacheka, tena bila ubaya wowote, na hapo ndipo aliponichoma. "Dogo bwana. Si ungeangalia tu."

Eti subira huvuta heri. Nilitamani kuitupa ile flashi kwenye samadi, na yeye nimtupe huko huko. Nilikuwa nimejidanganya kwamba kipo kitu kimoja cha hapa nyumbani anachokikumbuka bila kukumbushwa.

Jumapili wote walipokwenda kanisani, nikasingizia ng'ombe anaumwa, nikakaa kuiangalia mwenyewe. Jamani, muvi ile ni nzuri. Mlango ulipofunguka hapakuwa na msitu wala maadui. Mvua ilikuwa inanyesha. Wale watu wamezaliwa ndani ya meli, mvua hawaijui, wakaogopa wakakimbilia ndani. Bibi kizee mmoja tu, aliyewahi kuiona utotoni, akatoka akasimama nje, akalowa chapachapa, akawa anawaita mmoja mmoja kwa majina. Nililia peke yangu pale kwenye kochi, na kila mara nilikuwa nageuka pembeni kutafuta mtu wa kumwambia.

Waliporudi, kaka akanikuta nazima runinga. "Enhe, inaishaje?"

"Mbovu," nikamwambia. "Ulifanya vizuri kulala."

Akanishukuru kwa kumwokolea muda, akaingia ndani kula.