Timu Isiyo na Kombe

Gereji yetu ya Blacktown haijawahi kulaza gari. Ina mashine ya kufulia, magunia ya mchele, pedi za kipa zinazonuka, na ukuta mmoja wa picha za timu. Gari hulala nje, mvua na jua ni vyake, na mume wangu hulitazama kila asubuhi kwa huzuni, kisha hulifuta umande. Anajua gereji ni ya klabu.

Klabu yenyewe ni ya mpira wa magongo, ya wanawake. Tuliianzisha sisi Wakenya wachache, wauguzi na wanafunzi, enzi zile tukiwa bado tunashangaa kwamba huku Sydney magongo huchezwa juu ya kapeti linalomwagiliwa maji. Sisi tulijifunzia kwenye udongo mwekundu, ambako mpira ukigonga kijiwe unakurukia mdomoni. Hatukuwa na chumba cha klabu, kwa hiyo picha zikaja kwangu. Tukaweka na sheria, ile ile ya shule zetu za bweni, ambako ukutani kwa mwalimu mkuu zilitundikwa timu zilizoleta kombe tu. Picha hupigwa siku ya fainali, kombe likiwa katikati. Bila kombe, hakuna picha.

Ya kwanza pale ukutani ni timu yetu sisi waanzilishi. Mimi ndiye yule wa katikati aliyekunja uso. Tulikuwa tunatoka zamu ya usiku, tunagawana chai ya thamosi kwenye maegesho, tunaingia uwanjani macho mekundu, na bado watu walikuwa wanatuogopa. Hatukuwa na mbinu nyingi. Mpira ukija kwetu unasimamishwa, unapigwa, anayesimama mbele ajihurumie mwenyewe.

Ya pili ni timu ya wadogo zetu, waliobeba kombe misimu miwili mfululizo. Hao walikuwa na mbio bwana. Winga wao wa kushoto akishika mpira, beki hubaki anamwuliza mwenzake huyu mtu amepita wapi. Lakini walikuwa wavivu wa kurudi kukaba, na hilo nimewaambia machoni pao, tena kwenye harusi ya mmoja wao.

Basi mwaka wa pili wa korona nikawa kocha wa timu ya tatu. Wengi walikuwa wasichana wa umri wa binti zangu, Wakenya waliozaliwa hapa na Wakongo waliokuja wangali wadogo, watoto ambao unawafokea kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza. Mtu mzima kati yao alikuwa kipa. Huyu alikuwa mama wa Kikongo kutoka Fairfield, anayekaribia arobaini, mfanyakazi wa ghalani. Magongo aliyajulia ukubwani. Alikuwa amemleta binti yake mazoezini, akaona pedi za kipa zimelala pembeni hakuna anayezitaka, akaomba azijaribu. Hakuzivua tena.

Alijiunga msimu uliofuata kombe la mwisho la wadogo zetu. Tangu hapo ilikuwa kushika nafasi ya nne, ya tano, mwaka mwingine kunusurika kushuka daraja. Na sasa goti lilikuwa limemwisha. Daktari alishamwambia atalipasua msimu ukimalizika, na magongo baada ya hapo ayasahau. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mazoezi alisimama mbele ya wote, kofia ya chuma kwapani, akaniambia: "Mama, mwaka huu miye naingia kwa ukuta yako."

Nilicheka. Lakini wale watoto walimsikia, na nadhani walimchezea yeye. Kwa kweli sijawahi kuona timu ya namna ile. Hawakupiga kelele kama sisi. Walipasiana chinichini, mpira unaenda mahali mtu hayupo na mtu anatokea. Walishinda mechi ya kwanza, wakashinda ya pili, wakaendelea tu. Mwisho wa Juni walikuwa kileleni bila kufungwa na yeyote.

Ndipo jiji likafungwa. Sisi wa magharibi tulifungwa zaidi ya wenzetu wa ufukweni, hilo kila mtu anakumbuka. Hutakiwi kwenda mbali na nyumba yako, askari wanazunguka, helikopta iko juu ya kichwa chako unapoanika nguo. Kutoka Blacktown hadi Fairfield pakawa kama nchi nyingine. Tulisubiri, tukasubiri, mwishowe ligi ikatangaza kwamba msimu umefutwa. Hakuna bingwa, hakuna kombe.

Jumapili baada ya ibada ya mtandaoni tulizoea kubaki kwenye Zoom, wachezaji wa zamani na wa sasa, kila mtu na kikombe chake cha chai. Jumapili hiyo mabishano yakawa ni timu ipi bora katika historia ya klabu. Winga wa kushoto alijipigia debe mwenyewe bila haya. Sisi wazee tukasema watoto wa siku hizi ni wepesi, beki wetu mmoja angewavunja. Nahodha wao, mwanafunzi wa chuo mwenye adabu zake, akasema, "Auntie, with respect, she'd get a card."

Beki wetu angelimwa kadi! Tulicheka sana. Kisha kipa akafungua sauti yake. Nyuma yake watoto walikuwa wanagombania rimoti.

"Mama, miye nauliza tu. Siye tulipoteza mechi gani?"

"Hamkupoteza."

"Alors, basi, picha yetu inaingia kwa ukuta?"

Nikamwambia hapana, kwa upole, jinsi unavyomwambia mgonjwa kwamba hawezi kwenda nyumbani leo. Nikamwambia ni timu nzuri lakini sheria ni sheria, bila kombe hakuna picha. Hakubisha. Alisema "sawa, Mama," akageuka kuwaamulia watoto rimoti.

Aliyenijibu ni rafiki yangu wa Bankstown, beki wetu wa kulia wa timu ya kwanza, mtu asiyeweza kuweka kitu moyoni hata ukimlipa.

"Wewe, na sisi fainali yetu tulicheza na nani?"

Wazee wote wakatazama vikombe vyao. Wasichana wakaanza kuulizana kulikoni. Rafiki yangu akawaeleza yote, tena kwa raha. Siku ya fainali yetu wapinzani walipigwa na mafua, wakaja wachache wasiotimia timu, mwamuzi akangoja, akaangalia saa, akatukabidhi kombe. Ushindi wa mezani. Tukapiga picha tukiwa hata jasho hatujatoka.

"Ati walkover?" nahodha akasema.

"Kombe ni kombe," nikajibu, na uso ulikuwa unaniwaka.

"Ni kombe," akasema rafiki yangu. "Ugonjwa ulitupatia sisi, hawa ukawanyima. Ukuta wako unajua tofauti?"

Nilizima kompyuta. Mume wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, aliniuliza kama mtandao umekatika. Nikamwambia ndiyo, umekatika.

Wiki hiyo nilinuna. Nilifua hata nguo safi. Hasira yangu haikuwa juu ya fainali, maana ile hadithi sisi wazee tunaijua wote na tumeicheka mara nyingi. Iliniuma kwamba mwanamke yule hakuinua sauti. Nilikuwa na majibu tayari ya mtu wa kelele, na yeye hakunipa nafasi ya kuyatumia. Na kila nilipojaribu kupanga kichwani mechi kati ya timu yetu na yao, ili nitulie, mambo hayakuwa yakienda nilivyotaka. Tunapiga, na wao hawako pale tulipopiga.

Jiji lilipofunguliwa nilimwita nahodha, tukawakusanya wote uwanjani wakiwa na jezi, wapigwe picha. Kombe halikuwepo, kwa hiyo katikati walikaa tu wenyewe kwa wenyewe. Nikaitengenezea fremu sawa na zile mbili. Jumamosi moja kipa akaja Blacktown kwa gari la shemeji yake, mikongojo miwili mkononi, maana goti lilikuwa limeshapasuliwa. Nikamkalisha kwenye gunia la mchele, nikamwonyesha fremu na mahali nilipopachagua.

Aliitazama muda mrefu. Niliona jinsi alivyoitaka. Kisha akanirudishia.

"Mama, miye sitaki huruma. Kama unaamini tungewapiga nyinyi, utuweke. Kama hauamini, acha ukuta vile iko."

Ningeweza kusema ndiyo haraka haraka, na angejua. Nikageuka nikaitazama picha yetu, wale wasichana wa macho mekundu ninaowapenda kuliko timu yoyote duniani, wengine wameshazeeka, mmoja tumeshamzika. Niliona aibu kuwauza mbele ya mtu. Lakini nilikuwa nimeicheza mechi ile kichwani wiki nzima, na tena, na tena.

"Mngetufunga," nikasema.

"Ngapi?"

"Mbili."

"Na nyinyi?"

Kona fupi zote za timu yetu, zile adhabu zinazopigwa karibu na goli, nilikuwa nikipiga mimi. Wapo makipa wa jiji hili wanaokumbuka mkono wangu mpaka leo. Niliufikiria ule mpira, chini, pembeni ya kushoto, mahali ambapo hakuna aliyewahi kunizuia.

"Bila," nikasema. "Ningepata kona fupi dakika za mwisho. Ningeipiga vizuri sana. Na wewe ungeidaka."

Kipa alifunika uso kwa viganja vyake, mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikapanda juu ya kiti nikaanza kupigilia msumari.