Mama wa Redio pale Chanji

Mtasema naongopa, na mimi nimeshazoea, lakini enzi za ruksa pale misheni ya Chanji palikuwa na mama aliyeongea kwa redio na kijiji cha Wampembe, kule ziwani, kwa kupitia mlimani. Kila mara alibonyeza kitufe kwa dole gumba, akameza mate, ndipo akasema maneno machache kwa sauti ya kubembeleza mtoto, akaachia. Polikarp, mwanafunzi wake mpya mwenye ndevu zake, haelewi kitu. Mtambo ulioko juu ya mlima wa Mbizi husikia kwa masafa haya na kurudia kwa masafa yale; ukiwahi kusema, mtambo unameza neno lako la kwanza, na ukirefusha, unakukata. Sasa Polikarp ni Mfipa mwenye adabu, kwake salamu kwanza. Siku moja Wampembe wakauliza kama gari la misheni linakuja, la sivyo wampakie mjamzito mtumbwini, na ziwa limechafuka. Gari lilikuwa limeshatoka. Polikarp akabonyeza: “Shikamoo mzee, habari za huko, mmeamkaje, watoto, samaki, mvua…” Akakatwa. Akaanza upya na salamu zilezile. Akakatwa tena.

“Wewe baba, mlima hauna watoto,” mama akasema. Akamshika kidole, wakabonyeza pamoja, akameza mate. “Haya, sema.”

“Gari limeshatoka! Msimpakie!”

Redio ikakoroma. “Haya, tunamshusha. Lakini nani huyo asiyesalimia watu?”

Jioni, nje ya ofisi, Polikarp alikuwa anawasimulia madereva: “Mtambo ukazimika kabisa, nikapaza sauti dirishani, ikavuka Mbizi, ikateremka mpaka…”

“Mpaka wapi, baba?” akauliza mama wa redio, nyuma yake.