Kokwa za Shangazi Tamou

Kila asubuhi, kabla ya chai ya mnanaa, shangazi yangu Tamou alijaza pipa kokwa za zeituni alizozichoma zikawa mkaa, kisha akamimina humo maji machafu ya kiwanda cha ngozi. Yaliingia ya kijani kwa madini ya kromu, yakatoka maangavu. Sumu ilibaki kwenye kokwa, na hizo alizifukia nyuma ya ukuta.

Driss, mchochea moto wa hamamu ya jirani, bafu la umma la mvuke, alikuwa akichoma kokwa za zeituni badala ya kuni.

"Bi Tamou, unazika kokwa au maiti?"

"Ziguse, nikuzike nazo!"

Ijumaa moja tulikuta shimo la kokwa tupu. Moshi wa hamamu ulilala juu ya paa, haupandi, na jivu lilidondokea nguo tulizoanika likiwa la kijani. Wanawake waliokuwa wakioga tuliwasikia wakikohoa. Halafu kimya.

"Wewe baki hapa," shangazi aliniambia, akajifunga kitambaa puani. "Moto ule lazima uzimwe."

Akatoka. Moto ulizimika, wanawake wakatoka wazima, na Driss pia. Walipomtafuta shangazi tanurini, hakukuwa na mtu. Hakurudi tena, na hakuna aliyejua alikokwenda.