Maziwa ya Kapteni

Nakumbuka siku ya harusi yangu kwa magurudumu ya pikapu, mwanangu, wala si kwa shela. Keti nikueleze, maana jana nimekusikia hapa Chechelesi ukimwita mume wa mama yako "huyo jamaa", na sikupenda.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Mama akaolewa na mtu aliyekuwa rubani wakati wa vita, akibeba majeruhi kwa ndege ndogo. Siku ya kwanza aliniambia, "Baba yako ana jina lake, silichukui. Niite utakavyo." Nikamwita Kapteni, nikazoea. Habari za vita alizisema kwa nadra, ila urubani haukumtoka: kabla ya safari yoyote alilizunguka gari akiligusa kwa mkono, nati kwa nati. Hata mimi alinizunguka kila asubuhi ya shule, kola, vifungo, viatu. Wenzangu walivyonicheka!

"Mwenye kubeba watu hadhani," alikuwa akisema. "Anakagua."

Basi, kwetu bibi harusi humpelekea baba kibuyu cha maziwa, anywe kwanza, ndipo ambariki. Wazee wakaamua kiti cha baba akikalie baba mkubwa, kaka wa marehemu. "Rubani amekulea, sawa," akasema, "lakini damu si yake." Mama akainamisha kichwa. Kapteni akatoka nje. Nilipochungulia mlangoni nikamwona amechuchumaa na kanzu yake mpya, anakagua magurudumu ya pikapu ya kunipeleka Merti kwa mume wangu. Moyo ulinijaa, mwanangu. Nikawapita wazee wote na kibuyu changu.

"Aba, kunywa," nikamwambia. Sikuwa nimewahi kumwita baba.

Akakipokea kwa mikono iliyorusha ndege vitani, akanywa hadi maziwa yakamwagikia kanzu. Baba mkubwa alinuna kidogo, kisha akacheka: "Haya, na mimi mnibakizie!"

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kapteni sasa amelala kaburini, nami namshukuru Mungu kwamba neno lile la "Aba" alilisikia kwa masikio yake, akaishi nalo miaka mingi. Marehemu baba yangu hakupungukiwa na kitu. Kwa hiyo nenda nyumbani leo, umwite yule mzee baba angali anaweza kuitika. Mungu akujalie daima mtu wa kukukagua vifungo asubuhi, na ukikua, akufanye wewe mtu huyo kwa mtoto ambaye hukumzaa.